Pongezi Juu, Nyuki Chini

Nyuki hawasomi barua pepe. Mwezi wa nne, mashamba ya kanola, mmea wa mafuta, yakishageuka njano kuanzia nje ya mji wa Ruse mpaka ndani huko vijijini, bwana shamba anachagua siku ya kupuliza dawa ya wadudu, na siku hiyo kila mzinga wa jirani lazima uwe umezibwa kabla jua halijatoka. Usipozibwa, nyuki wanakwenda kwenye maua kama kawaida yao na hawarudi. Hapo hakuna cha kujadili. Lazima mwenye mizinga aambiwe mapema, azibe jioni, nyuki wakiwa wamesharudi ndani kulala.

Kijijini Dolna Krusha, kazi ya kuhakikisha watu wanaambiwa ilikuwa ya Temenuga Rusinova, ambaye hana hata mzinga mmoja na akisikia mvumo wa nyuki anahama kiti.

Temenuga ana miaka arobaini na sita. Alianza maisha kwenye kiwanda cha kushona mashati, kiwanda kikafungwa, akaingia kupokea simu kwenye kampuni ndogo mjini Ruse inayowapa watu mahali pa kuweka tovuti zao na barua zao. Kupokea simu hapo maana yake ni kutukanwa kwa adabu kuanzia asubuhi. Barua yangu imepotea. Barua yangu imekwenda kwa mke wangu. Akachoka kuwaambia watu wasubiri fundi, akajifunza ufundi mwenyewe, kwa kusoma majibu ya watu asiowajua mtandaoni na kuharibu vitu mpaka vikakubali. Cheti hana, na hajawahi kuulizwa.

Kitu anachokipenda kuliko vyote ni vichujio. Kichujio ni amri ndogo tu: barua ikiwa na neno hili, ipeleke pale. Watu wanadhani kazi ni kuandika amri. Kazi ni foleni. Barua ikiingia inasimama mbele ya kichujio cha kwanza; kikiiacha inakwenda cha pili, kikiiacha inakwenda cha tatu. Kikiikamata, safari imeishia hapo, na vilivyo nyuma havitajua hata kama barua ilifika. Temenuga amekulia kwenye foleni. Utotoni mwake machungwa yalikuja mjini mara moja kwa mwaka, karibu na mwaka mpya, na mama yake alikuwa anamsimamisha mbele ya duka huku yeye mwenyewe amekimbilia foleni ya ndizi mtaa wa pili. Mtoto aliyelelewa hivyo haambiwi kwamba kupata kwako kunategemea nani amekutangulia. Anajua kwa miguu.

Ndiyo maana kosa lake lilimuuma hivi. Lingekuwa kosa la mtu mwingine, angelicheka.

Chama cha wafuga nyuki cha Dolna Krusha kina sanduku moja la barua, na katibu wake ni mzee Zdravko, mstaafu wa reli, mtu mwenye sauti ya kutangaza treni, ambaye hupokea humohumo hata barua zake binafsi. Miaka mitatu iliyopita Temenuga alimwekea kichujio: barua yoyote yenye neno "kupuliza" inageuzwa ujumbe mfupi, inatumwa kwenye simu za wanachama wote. Bwana shamba anaandika, simu zinalia mifukoni, mizinga inazibwa. Kichujio kilifanya kazi vizuri mpaka watu wakasahau kwamba kipo.

Halafu ikaja Tsvetnitsa, Jumapili ya Maua, wiki moja kabla ya Pasaka. Siku hiyo ni ya kila mwenye jina la ua, jani au mti, na kwao hao ni nusu ya nchi. Temenuga ni ua. Zdravko jina lake limetoka kwenye jani la kunukia. Varban, mfuga nyuki mwenye mizinga mingi kuliko wenzake, jina lake ni mwerebi, mti wa kando ya mto. Kwenye siku ya jina hakuna kualikwa. Unajua mtu anaitwa nani, unakwenda, unakuta meza. Usipoweza kwenda, unaandika. Usipoandika, jiandae kununiwa.

Wiki hiyo mzee Zdravko alipiga simu ofisini.

"Temenuga, mwanangu, pongezi za mwaka jana nimemaliza kuzisoma mwezi wa tano."

"Si unapendwa, mzee."

"Napendwa na watu wanaotuma picha za sungura wanaometameta. Na nusu zilimezwa na lile chujio lako la barua taka. Binamu yangu wa Vidin hasemi na mimi mpaka leo."

"Kwa sababu ya sungura?"

"Kwa sababu sikumshukuru kwa sungura. Nitengenezee kapu. Pongezi zote ziingie humo, nizisome taratibu, nishukuru mmoja mmoja. Barua taka isiguse hata moja."

Hakuwa peke yake. Daktari wa meno Nevena alitaka kapu hilohilo, na mwenye duka la viatu, na wengine kadhaa, wote majina yao ya bustanini. Temenuga hakutaka kukaa anabofya sanduku moja baada ya jingine. Kampuni ina mlango wa nyuma kwa ajili ya watu kama yeye, unaoitwa API: unaandika programu ndogo, programu inaongea na seva, ile kompyuta kuu, moja kwa moja, na kazi ya siku nzima inakwisha kabla chai haijapoa. Akaandika. Ikiona neno "heri ya siku ya jina", weka barua kwenye folda ya pongezi, simama hapo.

Sasa, kupitia mlango ule kichujio kipya huingia mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni kisingesaidia kitu, kichujio cha barua taka kingekuwa kimeshawameza sungura. Kwa hiyo inabidi uiambie seva ipange upya, na ili ipange upya unaitajia foleni yote, cha kwanza mpaka cha mwisho. Seva yenyewe haitaji vichujio kwa majina. Inavitaja kwa namba. Temenuga akaiambia programu yake: chukua namba mpya, iweke juu, nyingine zote zifuate kama zilivyokuwa. Angeweza kuomba majina. Ni mstari mmoja wa ziada. Hakuomba. Ijumaa mchana akaibonyeza ikaenda, ikarudi inasema sawa, sawa, sawa, akafunga kompyuta akaenda kununua samaki.

Jumapili nyumba yake ya mjini Ruse ilijaa. Matawi ya mwerebi yamepachikwa mlangoni, samaki wa mto Danube kwenye sinia, banitsa, mkate wa tabaka wenye maboga ndani, imekatwa kabla ya saa yake kwa sababu mumewe Kamen hawezi kukaa karibu na chakula kizima. Mama mkwe, bibi Stoyanka, amekaa kwenye kona yake anakagua nani amekuja na nani amejifanya mgonjwa.

Mzee Zdravko aliingia mchana, koti la harusi, chupa ya asali mkononi.

"Heri ya siku ya jina, ua letu. Afya, miaka mingi."

"Na wewe, mzee. Yaani na wewe ni siku yako, umeacha wageni nyumbani?"

"Wageni wana mke wangu na wana rakia. Hawajagundua nimetoka." Akakaa, akajimiminia kidogo ile pombe kali ya matunda, akaonja samaki. "Nimekuja kushukuru. Kapu lako ni raha tupu. Tangu jana sanduku langu kubwa liko safi kama limeoshwa. Na simu kimya."

"Unasikia?" Kamen akamwambia mama yake. "Mkweo anashukuriwa."

"Nimesikia. Mshukuruni na kwa samaki, chumvi imezidi," bibi Stoyanka akajibu.

Zdravko alicheka, akaendelea kula. Alikuwa na habari za barabarani, kama kila mgeni. "Nimepita barabara ya juu, pale mashamba ya Kavaka. Kanola imechanua mpaka macho yanauma. Nikaona mashine ya kupuliza imeegeshwa pembeni, tangi limefungwa tayari. Nikajiuliza, hawa wamekuja kupiga picha au vipi."

Temenuga alikuwa amebeba sahani. "Ognyan hajaandika?"

Ognyan ndiye bwana shamba wa ushirika.

"Angeandika, simu ingelia," Zdravko akasema, akaitoa simu, akaiweka juu ya meza kati ya mkate na chumvi. "Si unaiona. Kimya. Ognyan ni mtu wa taratibu, hapulizi bila kuandika."

Temenuga hakuweka sahani. "Mzee, Ognyan anajua leo ni siku yako?"

"Nani asiyejua? Mimi ndiye niliyemfundisha kuvua samaki."

Hapo akaiweka sahani. Aliisogeza banitsa, akaiweka kompyuta palepale mezani, akaingia kwenye folda ya pongezi ya chama. Sungura. Sungura. Maua. Binamu wa Vidin, amesamehe. Na chini yao, ya jana jioni:

"Mzee wangu Zdravko, heri ya siku ya jina. Nakutakia afya, miaka mingi, na nyuki wengi kuliko nywele zilizokubakia. Halafu, Jumatatu jua likichomoza tunaanza kupuliza Kavaka yote. Mbusu mkeo. Ognyan."

Zdravko aliisoma juu ya bega lake kwa sauti. "Nywele bado ninazo," akasema. Halafu akafika sentensi ya pili, sauti ya treni ikazimika.

"Ilikamatwa na pongezi," Temenuga akasema. "Nililiweka kapu juu ya kila kitu. Kile cha kupuliza hakikuiona hii barua kabisa."

"Lakini neno lipo. Hili hapa. Kupuliza."

"Lipo. Ila foleni iliishia kwa mtu wa kwanza."

Bibi Stoyanka aliuliza kama nyuki wanakufa kwa maumivu, Kamen akamwomba anyamaze kidogo.

Zdravko alishampigia Ognyan. Walimsikia wote, kulikuwa na muziki nyuma yake.

"Mzee, heri tena. Umepata barua yangu?"

"Nimeipata sasa hivi. Ahirisha."

"Niahirishe vipi? Mashine ya kukodi, inaondoka kesho mchana kwenda Razgrad. Na wadudu wameshaingia kwenye vichwa vya maua. Kwani hamjaziba?"

"Hakuna aliyeziba. Hakuna anayejua."

"Mimi nilitoa taarifa," Ognyan akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayejiona tayari mbele ya kamati. "Niliandika jana."

"Uliandika. Ukaifunga ndani ya pongezi kama sindano ndani ya mkate."

"Sasa mzee, nikuandikie siku ya jina lako nisikupongeze? Mimi ni ng'ombe?"

Ognyan angeandika bila heri, Zdravko mwenyewe angekuwa wa kwanza kununa.

"Naweza kuanzia upande wa mbali," Ognyan akasema mwishowe. "Kavaka upande wa mizinga niufikie baadaye. Mnapata muda kidogo, si siku nzima. Zibeni leo."

Temenuga tayari alikuwa kwenye mlango wa nyuma wa seva. Safari hii aliomba majina. Yakaja: pongezi, barua taka, kupuliza, risiti. Alipoyaona sasa yamepangwa, akajiona mjinga kiasi kwamba alitaka kuinuka kuosha vyombo. Akaandika foleni upya kwa mkono: kupuliza juu, pongezi, barua taka. Akatuma. Seva ikakataa. Alikuwa ameisahau risiti; foleni isiyo kamili seva haipokei. Akaiongeza, akatuma tena. Sawa.

"Tayari?" Zdravko akauliza.

"Foleni tayari. Barua bado. Kichujio kinashika kinachoingia, kilichoingia jana hakirudii."

"Sasa?"

"Sasa iingie tena." Akanakili barua ya Ognyan yote, pamoja na heri na nywele za mzee, akaituma kwenye sanduku la chama kutoka anwani yake mwenyewe. Wakaitazama simu iliyokuwa kati ya mkate na chumvi kama watu wanaotazama maziwa jikoni.

Ikalia.

"Nywele zimetumwa kwa chama kizima," Zdravko akasema.

"Utanilaumu baadaye. Ngoja watu wakujibu."

Wakajibu, kwa sababu siku ya jina simu ziko karibu. Mmoja aliandika anakwenda. Mwingine aliandika matusi kisha akaandika anakwenda. Mzee aliweka alama kichwani, akitaja majina kwa midomo, na alipofika mwisho akabaki na jina moja.

"Varban," akasema.

Varban hakujibu ujumbe. Alipigiwa, simu ikaita mpaka ikakata, mara kadhaa. Na Varban ndiye mwenye trela kuukuu la mizinga aliloliegesha pembeni kabisa mwa Kavaka, ili nyuki wake wasichoke kutembea. Wengine wote dawa ingewafikia kwa upepo. Yeye ingemfikia mlangoni.

"Si mkazibe tu?" Kamen akauliza. "Mnajua trela liko wapi."

"Mizinga ya mtu haiguswi mwenyewe hayupo," Zdravko akasema. "Na nyuki wa Varban ni wakali kama mama yake. Twende kwake. Wewe endesha, mimi nimekunywa."

"Na mimi nitakwenda," Temenuga akasema.

"Una wageni," mama mkwe akasema.

"Wana wewe, mama. Na wana rakia."

Jua lilikuwa limeshuka walipofika Dolna Krusha. Nyumbani kwa Varban ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, mtu anapiga kodiani, watoto wamevaa mataji ya mwerebi. Koti la Varban lilining'inia kwenye msumari wa koridoni, na ndani yake simu ilikuwa inatetemeka peke yake. Varban mwenyewe yuko kichwa cha meza, mwekundu, mkubwa, mwenye furaha. Akawaona, akafungua mikono.

"Katibu. Mbaya wangu. Ingia. Na fundi wa kompyuta, karibuni, sogeeni, wapeni viti, wapeni samaki."

"Varban, sikiliza—"

"Kwanza glasi. Siku ya jina langu mtu hanisemeshi mkono mtupu."

Glasi zikaletwa. Zdravko, ambaye ameishi miaka yake yote kwa utaratibu, alisimama wima, akainua glasi, akaanza ipasavyo. "Ndugu yetu Varban. Heri ya siku ya jina. Afya, miaka mingi, nyumba iliyojaa kama leo. Halafu kuna jambo—"

Watu walishasikia heri. Glasi zikagongana, meza ikaitikia miaka mingi, kodiani ikashika wimbo, na "jambo" la mzee likafunikwa na sauti za watu ishirini wanaoimba. Akasubiri wimbo uishe. Haukuisha, uliingia mwingine. Akajaribu tena, akaanza tena na heri, kwa sababu huwezi kuanza vingine, na tena wakamkatia palepale kwenye heri.

Temenuga alimtazama na akaona kitu anachokijua. Barua ileile. Kapu lilelile.

Hakuinua glasi. Alipita nyuma ya viti, akamshika mpiga kodiani mkono, muziki ukakatika katikati.

"Varban, kesho jua likichomoza wanapuliza Kavaka," akasema. "Mizinga yako iko wazi."

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Varban aliweka glasi chini polepole. Mke wake, upande wa pili, alishainuka.

"Kwa nini sikuambiwa?" Varban akauliza.

"Uliandikiwa jana. Barua niliificha mimi, kwa kichujio nilichokiweka vibaya. Nitakueleza njiani." Akaongeza, kwa sababu ilibidi iwekwe mahali fulani: "Na heri ya siku ya jina."

Wakatoka wote. Ndivyo ilivyo huko, wageni wakija bila kualikwa wanakwenda pia bila kualikwa. Magari yakasimama kando ya kanola, watu wa mashati meupe na viatu vya kanisani wakatembea kwenye tope, mwanga ukiwa bado unatosha kuona ua moja moja. Nyuki wa mwisho walikuwa wanaingia. Varban alikata vipande vya wavu, Zdravko na wengine wakavikandamiza kwenye milango ya mizinga, mmoja mmoja, wakisemeshana kwa sauti za chini. Temenuga alisimama chini ya trela akipokeza wavu juu, amejifunga kitambaa cha meza kichwani. Aliumwa hata hivyo, kwenye kidole cha kubofyea.

"Huyo amekujua," Zdravko akamwambia.

Jumatatu mashine ilianzia upande wa mbali kama Ognyan alivyoahidi, ikamaliza kabla ya mchana, ikaenda Razgrad. Temenuga alikwenda kazini na boksi la peremende, maana siku ya jina yako hata ikipita wenzako wanadai chao. Hakukaa kupongezwa. Aliandika programu nyingine, yenye ule mstari mmoja wa ziada, akazunguka kila sanduku aliloligusa Ijumaa na kusoma foleni kwa majina. Kwa mwenye duka la viatu hapakuwa na kasoro. Kwa daktari Nevena, chini ya kapu, alikuta kichujio cha wagonjwa wa haraka kikisubiri bila kazi, na ndani ya kapu mtu aliyeandika tangu Jumamosi: heri ya siku ya jina daktari, shavu langu limekuwa kama boga. Akampigia daktari mwenyewe.

Halafu akampigia Ognyan.

"Mwaka ujao," akamwambia, "andika taarifa yako kwanza, heri baadaye."

"Siwezi. Mkono wenyewe utakataa."

"Najua. Foleni nimeshaipanga mimi. Nilitaka tu nisikie unavyokataa."

Jumanne jioni Varban alifungua mizinga. Akapiga simu.

"Wametoka," akasema. "Wanavuma vizuri. Isipokuwa mmoja."

"Upi?" Temenuga akauliza.

"Ule wa pembeni, ubao wa nyuma una ufa. Wakatokea huko, hatukuona. Nimewakuta chini, rundo, wamekufa."

"Ni mimi," Temenuga akasema. "Ungejua tangu Jumamosi ungeukagua kwa mwanga."

"Ningejua Jumamosi ningekunywa na Jumamosi." Alipumua. "Ubao ni wangu, foleni ni yako. Sikuhesabu zaidi ya hapo. Mke wangu anasema Jumapili uliondoka hujala. Njoo."

Alikwenda Ijumaa. Kamen alikuwa amemkatia ubao wa msonobari kwa vipimo alivyomwomba Varban kwenye simu, umepigwa randa, hauna ufa hata wa kupitisha wembe. Aliubeba mwenyewe kwapani kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, na mke wa Varban alipofungua, Temenuga alimkabidhi ubao kwanza. Ndipo akamsalimia.